Kitambaa Shingoni mwa Chupa

Mtoto Kifaru alimeza, akakunja uso, akafungua mdomo kulia. Sauti haikutoka.

"Chungu, eh? Dawa ndivyo ilivyo, baba," mama yake alimwambia huku akimpangusa kidevu kwa kiganja. "Meza yote upone."

Chupa ilikuwa bado mkononi mwake. Chupa ndogo ya kahawia, lebo nyeupe yenye picha ya mtoto anayecheka, na maandishi aliyoyasoma yote kabla ya kumimina: dawa ya kikohozi, kwa watoto, kijiko kimoja cha chai, tikisa kwanza. Alikuwa ameitikisa. Ilipoingia kwenye kijiko aliiona nyepesi kuliko alivyozoea, akajiambia kila kampuni na utengenezaji wake.

Kusoma lebo ndiyo kazi yake. Kwenye kiwanda cha uchapaji alikoajiriwa, hakuna lebo inayoingia mashineni mpaka aipitie neno kwa neno na kutia saini pembeni. Ndiyo maana, tangu yeye na mumewe wahamie kwa mama mkwe, mtaa mzima ulimwita Msomi. Mkwewe ndiye aliyeanzisha. "Huyu anasoma hata pakiti ya chumvi," aliwaambia wateja wa karakana yake, "utadhani anatafuta jina la babu yake humo ndani." Wateja wakacheka, Msomi akacheka nao, jina likaganda.

Leo alikuwa nyumbani kwa sababu ya mafua. Yeye na mtoto walikuwa wanapokezana kupiga chafya tangu juzi, pua zimeziba kabisa. Asubuhi mumewe alimwambia, "Nimenunua dawa ya Kifaru, nimeiacha pale," kisha akapakia kabati la mteja na kuondoka kulipeleka. Pale ni wapi, hakusema. Msomi alitafuta jikoni, akaiona kwenye rafu ya ukutani, kati ya kopo la chumvi na sabuni. Shingoni ilikuwa imefungwa kitambaa chekundu, kipande chembamba kilichochanwa ovyo. Alikiona. Akadhani mtu alikuwa anataka kuitundika mahali.

Sasa Kifaru alikohoa. Hakikuwa kile kikohozi chake cha makamasi. Alikohoa mfululizo, macho yakamtoka, akashika koo kwa mikono miwili kama anayetaka kulifungua.

"Kifaru? Baba?"

Mlango wa uani ukafunguliwa. Mama mkwe aliingia kutoka karakana, mikono imejaa vumbi la msasa mpaka kwenye viwiko, ananung'unika habari za meza ya mtu iliyochanika mguu. Watu walimwita Mama Fundi, na si kwa heshima ya mume. Marehemu alikuwa akiunda samani, lakini aliyezipiga msasa, aliyezipaka rangi na kuzing'arisha mpaka mtu ajione uso wake, alikuwa ni yeye. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na hakuwahi kuona aibu kwa hilo. Alikuwa akisema, "Mbao haijaniuliza cheti."

Alimtazama mtoto. Akaitazama chupa. Manung'uniko yakakatika.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Rafuni. Ni dawa yake ya..."

"Umempa?"

"Kijiko kimoja. Mama, kuna nini?"

"Hukuona kitambaa? Si ina kitambaa chekundu?" Sauti ya Mama Fundi ilipanda, ikapasuka. "Msomi, umempa mtoto rangi ya mbao!"

Msomi alisikia kila neno, lakini maneno hayakutaka kukaa pamoja. Akaigeuza chupa, akaisoma lebo tena, kana kwamba ingebadili kauli. Dawa ya kikohozi. Kwa watoto. Mtoto wa kwenye picha alikuwa bado anacheka.

"Imeandikwa dawa," alisema.

"Imeandikwa na nani? Mimi ndiye niliyeijaza! Nimetoka nayo kwa mteja jana, nimekwenda kufuta mikwaruzo kwenye kabati lake. Nimeiweka hapo kwa sababu ina kitambaa. Kila mtu ndani ya nyumba hii anajua chenye kitambaa hakiguswi!"

Kila mtu. Mumewe alizaliwa ndani ya nyumba hii. Kabla hajajua kutembea alikuwa ameshachapwa mkono kwa kugusa kilichofungwa nyekundu, na alipokwenda shule akajifunza kusoma, hakuona sababu ya kumweleza mtu jambo ambalo kwake lilikuwa wazi kama moto kuunguza. Humu chupa zilikuwa chupa tu. Za dawa zilitiwa gundi, za mafuta ya kupikia zilitiwa thina, na maandishi ya juu yake hayakumhusu mtu, sawa na maua yaliyochorwa kwenye sahani. Miezi yote hiyo Msomi alikuwa akila, akilala na kufua katikati ya chupa zinazosema uongo, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba zinasema chochote.

Aliinusa. Hakusikia kitu. Pua ilikuwa imekufa, na hata ingekuwa nzima, nyumba yote ilinuka vanishi mchana na usiku.

"Mungu wangu. Mama, nimemuua."

"Hujamuua, anakohoa. Mchukue! Mimi namwita jirani."

Nyumba ya pili ilikuwa gereji. Mama Fundi alipiga kelele juu ya ukuta, na fundi magari akajibu kwa utani kama kawaida yake, "Leo umechomwa na msumari gani, mama?" Mama Fundi alipoita mara ya pili kwamba mtoto amekunywa sumu, utani ukamwishia. "Nina gari la mteja halina boneti," alisema. "Nikifunga betri linawaka. Toeni mtoto nje!"

Kifaru alikuwa amelegea begani kwa mama yake. Alipumua kwa kukwaruza, na kila pumzi Msomi aliisindikiza kwa masikio, akiogopa kwamba ijayo haitakuja. Walipofika uani Mama Fundi alikuwa ameshachota maji kwenye bakuli, anakoroga chumvi kwa kidole.

"Mkalishe hapa. Anywe haya, nimtie kidole, aitapike yote kabla haijafika mbali. Ndivyo nilivyomfanyia baba yake alipokula mbegu za porini, na si unamwona leo yuko hai?"

Msomi alipiga magoti, akamkalisha mtoto. Ilimwingia akilini. Kitu kibaya kimeingia, kitoke. Alishika shavu la Kifaru, mkwewe akasogeza bakuli, na ndipo alipokumbuka lebo moja iliyopita mezani kwake kazini, ya maji ya kusafishia vyoo. Chini kabisa kulikuwa na herufi ndogo ambazo mteja alitaka ziondolewe ili picha ipate nafasi. Bosi alikataa. Herufi zile zilisema nini? Zilihusu mtu akimeza. Alizipitia, akatia saini, akachukua karatasi nyingine. Hazikumkaa kichwani.

"Mama, subiri."

"Nisubiri nini?"

"Rangi hii ilitoka kwenye kitu gani? Debe? Debe lake liko wapi?"

"Debe la nini sasa hivi?"

"Nataka kusoma."

Mama Fundi alimtazama kama anayemtazama mwendawazimu. "Mtoto anakufa, wewe unataka kusoma! Kusoma ndiko kulikotufikisha hapa! Leta mtoto!"

Alimvuta Kifaru mkono. Msomi akamkumbatia kwa nguvu, maji ya chumvi yakamwagika kwenye mapaja yao wote. Hakuwahi kumgomea mkwewe hata kwa jicho. Sasa walikuwa wakivutana mtoto kama kuku wa sokoni, na mtoto katikati yao anatoa mlio wa filimbi kifuani.

"Wanaotengeneza sumu huandika cha kufanya," Msomi alisema. "Huandikwa, mama. Kila debe. Mimi ndiye ninayezipitia. Wakati mwingine husema usifanye kitu ambacho kila mtu angefanya. Nisipoona, simtapishi. Debe liko wapi?"

Upande wa pili wa ukuta injini ilikohoa, ikazima. Fundi magari akatukana betri.

Mama Fundi aliutazama mlango wa karakana. "Debe nililikata," alisema. "Nimezibia mlango wa karakana. Panya walikuwa wanaingia."

Msomi alikimbia na mtoto begani, mkwewe nyuma yake na bakuli ambalo hakulitua.

Nusu ya chini ya mlango wa karakana ilikuwa imevikwa mabati ya madebe, yamekatwa, yakanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa moja juu ya jingine. Mara ngapi amepita hapo! Mekundu, ya bluu, ya njano, herufi zimelala ubavu, herufi zimesimama kwa vichwa, maneno yamekatwa katikati. Kwa mara ya kwanza maishani Msomi alitazama maandishi akayaogopa. Hapa ilitajwa gundi, pale mafuta ya kupikia, pale vanishi. Lipi ni lipi? Yote yalikuwa yanapiga kelele kwa pamoja.

"Lipi, mama? Lipi?"

"Lenye kulungu." Mama Fundi alidondosha bakuli, akapiga magoti, kiganja chake cha vumbi kikapita juu ya mabati bila kusita. "Hili. Kulungu huyu hapa, amepinduka."

"Una hakika ndilo? Isije ikawa ulijaza kutoka kwenye lingine..."

"Nililifungua mwenyewe, mfuniko wa kiwandani haujaguswa. Nikajaza chupa hiyo kutoka humo humo. Kwa hili niamini, mwanangu."

Msomi alimpa mkwewe mtoto, akalaza shavu kwenye vumbi, akageuza shingo mpaka dunia ikawa juu chini. Kulungu alikuwa amesimama kwa miguu yake. Chini ya kulungu kulikuwa na jina la rangi, kisha namna ya kupaka, kisha saa za kukauka. Alisoma kwa sauti ya kunong'ona, akiruka. Brashi. Jua kali. Mikono isafishwe. Kisha kisanduku chekundu, herufi ndogo ndogo: Hatari. Ina mafuta yenye sumu. Akimeza mtu, usi...

Hapo ndipo bati lilipoishia. Sentensi iliyobaki ilikuwa imeingia chini ya debe jingine, la njano, lenye misumari minene.

"Usi nini?" Mama Fundi aliuliza.

"Usi..."

"Usi nini, Msomi!"

"Sijui! Limefunikwa!"

Usimpe maji? Usimlaze? Usimbebe? Kila jambo duniani lingeweza kuwa chini ya lile bati. Kifaru alipiga kwikwi, na Msomi aliona tumbo lake dogo likijikunja.

"Nyundo!"

"Nyundo iko ndani, nilikuwa..."

Hakungoja. Aliingiza vidole chini ya ukingo wa bati la njano, akavuta. Bati lilimwingia kwenye nyama ya kiganja, akasikia ubaridi kwanza, kisha moto. Akavuta tena. Mama Fundi alipitisha mkono wake mmoja uliobaki huru, ule mkono wa miaka yote ya msasa, akashika ukingo huo huo, na kwa pamoja wakaling'oa mpaka msumari ukapiga mlio na kutoka na kipande cha ubao.

Chini yake rangi ilikuwa mpya kama ilivyotoka dukani.

"Usimtapishe," Msomi alisoma. Akasoma tena, sauti ikatoka kubwa mno. "Akimeza mtu, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja na debe hili."

Mama Fundi aliutazama mkono wake, kidole kile alichokuwa amekiandaa. Akakifungia ndani ya ngumi.

Ng'ambo ya ukuta injini ilinguruma, safari hii ikashika.

Ndani ya gari lisilo na boneti, moshi wote uliingia usoni mwao. Fundi magari aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, mkono haubanduki kwenye honi. Msomi alikaa nyuma na Kifaru wima mapajani. Kiganja chake kilichochanika amekifunga kwa kitambaa chekundu cha chupa, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Mama Fundi alishika bati la kulungu, walilolibandua mlangoni, akalikumbatia kwa upande wenye makali bila kujali.

"Kifaru, mwite bibi," alisema. "Mwite bibi, mume wangu. Unaninunia?"

Mtoto alifumbua macho kidogo. Hakuita.

Hospitali, daktari wa zamu hakumaliza hata kusalimia. "Amemeza nini?" Mama Fundi akainua bati. Daktari alilipokea, akaligeuza juu chini, akalisoma akiwa anatembea, na alipofika mwisho wa korido alikuwa ameshawaita wauguzi wawili kwa majina.

"Mmemtapisha?" aliuliza bila kugeuka.

"Hapana," walijibu wote wawili.

"Vizuri. Hii ikipanda ikaingia kwenye mapafu ndiyo inayoua."

Akaingia ndani na mtoto. Mlango ukafungwa.

Mama Fundi aliketi kwenye benchi polepole, akishika ukuta, kama mtu aliyeongezewa miaka papo hapo. Msomi alibaki amesimama. Mlangoni kulikuwa na kibao, na kwa mazoea macho yake yalikisoma, yakakisoma tena, lakini hakuna kilichoingia. Ndani kikohozi kilisikika, kisha kikanyamaza, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kikohozi. Akajikuta anaomba mwanawe akohoe.

"Alitaka kukuambia," Mama Fundi alisema ghafla.

"Nani?"

"Marehemu. Alikuwa akisema, siku mtoto wetu akioa mtu wa shule, tumwoneshe vitambaa. Nikamcheka. Nikasema, mtu wa shule atashindwaje na kitambaa?"

Msomi alikaa karibu naye. Mabega yao yaligusana na hakuna aliyesogea.

Mumewe alifika akikimbia, shati limelowa, vumbi la mbao kwenye nywele. Fundi magari alikuwa amempigia simu. Alisimama mbele yao, akawatazama mmoja mmoja, na Msomi aliona swali likija kabla halijatamkwa. Alikuwa akiliogopa tangu garini.

"Nani kampa?"

"Chupa ni yangu," Mama Fundi alisema.

"Kijiko ni changu," Msomi alisema.

Mumewe akauliza kwa sauti ndogo, "Niliyonunua mimi niliiweka dirishani chumbani. Sikukuambia?"

"Ulisema pale."

Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akaficha uso kwenye magoti. Hakuna aliyeuliza tena nani.

Walimwona Kifaru jioni hiyo kupitia kioo, mrija puani, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka. Daktari alisema wasubiri. Mapafu huweza kubadilika baadaye, hata mtoto akionekana mzima. Wakasubiri. Kila muuguzi aliyepita, mioyo yao ilipita naye. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda. Siku ambayo Kifaru alikasirika, akang'oa mrija na kumpiga muuguzi kichwa cha tumbo kama alivyowapiga watu wote wa mtaani tangu ajue kusimama, mpaka wakamwita Kifaru, daktari alicheka peke yake. Nyumba nzima ililia.

Waliporuhusiwa, muuguzi aliwafuata mlangoni na chupa. "Ya kifua," alisema. "Aanze leo. Maelezo yote yako hapo."

Ilikuwa chupa ndogo ya kahawia. Lebo nyeupe.

Msomi aliipokea kwa mkono wenye bandeji. Aliitazama, na herufi zilikuwa safi, zimechapwa vizuri, labda zilipita mezani kwake. Maana aliiona. Kuiamini ndiko kulikomshinda. Muuguzi alikuwa ameshammiminia maji mtoto, anangoja, kijiko kimewekwa tayari, na Msomi alisimama tu, kizibo cha chupa kikigonga pete yake.

"Kuna tatizo?" muuguzi aliuliza.

Mama Fundi alinyoosha mkono, akaichukua. Akaikagua shingo: kizibo cha kiwandani hakijavunjwa. Akakivunja mwenyewe. Akanusa kwa muda mrefu, macho amefumba. Akadondosha tone moja kwenye ncha ya kidole, akalitia ulimini, akangoja. Muuguzi alitaka kusema kitu, mume wa Msomi akamzuia kwa mkono.

"Si yangu hii," Mama Fundi alisema. Akairudisha. "Haya, mwanangu. Sasa nisomee."

Msomi akasoma. Jina la dawa, ya kutibu nini, kwa mtoto wa umri gani, kijiko kipi, na chini kabisa zile herufi ndogo ambazo wateja hutaka ziondolewe. Mkwewe alifuata kwa kidole juu ya lebo, mahali alipodhani sauti imefika.

"Rudia hapo mwisho," alisema.

Akarudia.